Dakika Ishirini na Moja

Maabara,
Jumapili, tarehe 30 Juni

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama na goti limepunguza maumivu. Shemeji na watoto wanaendeleaje? Mama anapata usingizi? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine nitayaeleza kwa mpangilio, maana shajara yangu iko mbele yangu na tarehe zote zimo.

Uliniuliza bosi wetu, Daktari, ni mtu wa namna gani. Dada, ni tai iliyofungwa shingoni bila mtu. Sisi wa chini tunamwita Kipaza Sauti. Koridoni anaongea na simu, chooni anaongea na simu. Mimi niliyeishia kidato cha nne, lakini nimeshika pipeti, ule mrija wa kupimia vimiminika, miaka kumi na moja, ananiita Mzee wa Chupa, na wageni wakija ananiambia niwapishe mlangoni.

Kazi yetu nairudia kwako kwa sababu nina shaka kama yeye mwenyewe anaielewa. Mtoto akiwa tumboni zipo seli shina, zile ambazo bado hazijaamua kuwa ngozi, damu au mfupa. Juu ya utando wa kila seli zimesimama protini kama mabawabu. Zinapokea habari kutoka kwa majirani na kuipitisha ndani: gawanyika, subiri, sasa kuwa mfupa. Mtoto akishaumbika, bawabu mmoja tunayemchunguza hapa hunyamaza. Kwenye baadhi ya kansa anaamka tena, anapiga kelele ya gawanyika, gawanyika, na hakuna wa kusema subiri. Ipo dawa ya majaribio inayomshika bawabu huyo. Mgonjwa ambaye seli zake hazina protini hiyo hapewi.

Ili kuitafuta, kipande cha uvimbe hulowekwa kwenye kimeng'enya kinachotenganisha seli. Dakika tano, basi. Ukizidisha, kinazinyoa protini zenyewe na seli inatoka na upara. Rangi ya kijani unayopaka ili protini ziwake inakosa pa kushika, na hadubini inakuonyesha giza tupu.

Alhamisi tarehe 16 Mei, Kipaza Sauti aliamua kuwaonyesha wageni kazi kwa mikono yake. Aliloweka seli, simu ikalia, akatoka kuhojiwa na redio. Nilitazama saa: dakika ishirini na tatu. Aliporudi akaona giza, akatangaza kwamba amegundua kansa inayovua protini zake ili ijifiche. Wageni wakapiga makofi. Fundi wa hadubini, mwanamke mwenye ulimi, akaninong'oneza, "Kainyoa mwenyewe, sasa anashangaa upara!" Nilicheka hadi nikajificha nyuma ya friji. Tangu hapo sikuwa na starehe nyingine. Kila mapumziko ya chai nilimwigiza, mkono sikioni, kifua mbele.

Sasa kaa chini, Dada. Jumatano tarehe 5 Juni nilipokea kichupa chenye kipande cha uvimbe wa Mama. Namba yake niliijua, kwani karatasi niliibeba mwenyewe kutoka wodini. Nilikiloweka saa nne na dakika mbili. Fundi akaja na wenzake wawili, wakanibembeleza niwaigizie Kipaza Sauti na redio yake. Niliigiza, nikanogewa, nikaongeza wageni na makofi. Nilipogeuka, ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tatu. Kwenye shajara niliandika hivyo. Kwenye fomu ya maabara niliandika dakika tano.

Matokeo yakatoka giza, nami nikakuandikia kwamba Mama hana ile protini. Nilijua jibu lile halifai kitu. Kulikuwa na kipande cha pili kwenye friza, ila kukitoa kulihitaji saini ya Daktari, na saini ilihitaji sababu. Sikuweza kusimama mbele ya mtu ninayemdharau nikamwambia nimefanya lile lile. Nilikaa hivyo siku ishirini na mbili, na bado nilikuwa nikimcheka.

Alhamisi tarehe 27, baada ya kusoma barua yako kwamba Mama ameanza kugawa nguo zake, nilikwenda. Aliniuliza dakika ngapi. Nikamwambia ishirini na moja. Akauliza yeye siku ile alichukua ngapi. Nikamwambia. Alisaini, akasema, "Basi Mzee wa Chupa, umenishinda kwa dakika mbili," akapokea simu. Tangazo la ugunduzi wake bado limebandikwa ukutani.

Nilirudia kipimo peke yangu, saa mkononi. Seli za Mama ziliwaka kijani, karibu zote. Anatakiwa kliniki Jumanne saa mbili asubuhi kuanza dawa. Daktari wa wodi anasema uvimbe umeongezeka sentimita moja tangu kile kipimo cha kwanza.

Nilishika simu mara tatu nikashindwa, ndiyo maana nampa dereva wa gari la sampuli akuletee barua hii leo. Mama akiuliza kwa nini tulimwambia hana, usiseme mashine iliharibika. Sema ni mimi. Asipotaka kuniona Jumanne, nitakaa nje kwenye benchi mpaka amalize.

Nisalimie Shemeji na watoto, mmoja mmoja. Mama usimsalimie kwa niaba yangu. Hiyo salamu niachie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa