Mji Mkongwe, na Homa ya Dani

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, mlima hauonekani.

Nisamehe, Baba Dani, na ninyi mnaopita humu kusoma. Mwezi mzima sijaandika. Mmeniuliza kama Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kweli kama unavyosifiwa. Kwanza nilikuwa nimechoka, halafu nikaona aibu. Sasa naogopa.

Niko kwenye duka la intaneti karibu na hospitali, hapa Moshi. Mama mkwe amebaki wodini na mtoto wetu, Dani.

Basi nijibu. Milango ile ya nakshi ni mizuri kuliko picha. Nilidhani nitakuta mji wa kutazamwa tu, kama makumbusho. Nikakuta watu wameanika nguo, mitaro inanuka, kuta zinabanduka. Kuna mtalii alinuna kabisa. Mimi niliupenda. Siku zile kumi kwenye chumba ulichopewa na hoteli unakofanya kazi, Baba Dani, nilijiona bibi harusi.

Ila lile joto! Mimi mtu wa Uru juu, kwetu baridi, mbu hatuwajui, na chandarua nilikuwa nakiona dukani tu. Kile cha chumbani kwako nikakikunja, nikakifunga fundo juu ya kitanda, Dani apate hewa.

Nilikifunga mwenyewe, kwa mikono yangu.

Wiki ya pili tangu turudi, homa. Zahanati wakauliza tunatoka wapi. Nikasema Uru, kama ninavyosema siku zote. Wakampa dawa ya kifua. Juzi akaanza kutetemeka, tukakimbilia hapa. Nesi akauliza vilevile, nikajibu vilevile. Mama mkwe akanigeukia:

"Sema mlikokuwa! Mmevuka bahari kwenda kutazama milango, kwani kwangu unaingilia dirishani?"

Nesi alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda mbio kuita wa kupima damu.

Malaria, tena kali. Amewekewa dripu. Asubuhi alinyonya kidogo, akatapika. Daktari anasema tusubiri. Mimi nahesabu pumzi zake, nikikosea naanza upya.

Umeandika kwamba Krismasi turudi huko. Hapana. Akipona, utakuja wewe.

Kwa sasa tuma kwa boti na basi, leo leo, vile tulivyoviacha chumbani kwako: kadi yake ya kliniki, iko kwenye droo ya juu. Kofia ya sufu. Soksi zote. Na mbeleko ya pili, maana hii ameitapikia, na siku wakituruhusu lazima niwe na ya kumbebea.