Mlango wa Vidole Vitatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, miwani iko puani na nyundo iko chini, maana najua ukiwa kazini hata mgeni wa heshima husubiri. Mgongo unaendeleaje? Dada ameniambia kwamba bado unainamia fuawe tangu asubuhi, na ukiambiwa upumzike unajibu kuwa mgongo ni wako. Nisalimie mafundi wote wa safu yenu, na Mzee Koleo mwambie sijasahau karai aliloniahidi. Mimi sijambo, isipokuwa chakula hakinipiti vizuri wiki hii, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Dada ameniambia pia kwamba umepaka rangi ukuta wa karakana na kuandika kwa nyekundu: ASILIMIA THELATHINI NA SABA. Anasema kila mteja lazima aelezwe maana yake kabla hajaonyeshwa jiko. Nilicheka sana, baba, halafu nikaenda kukaa peke yangu.

Kazi yangu hapa maabara unaijua. Napima mkaa kwenye mizani, nachemsha lita tano za maji, nayaacha yatokote dakika arobaini na tano, kisha napima mkaa uliobaki. Hapo ndipo tunapojua ni kiasi gani cha moto kimeingia kwenye maji na kiasi gani kimekwenda kuwapasha joto nzi. Muswada ulioko bungeni unataka kila jiko la mkaa lifikishe asilimia thelathini na tano. Lisilofika halitauzwa.

Umesikia redioni walivyovutana. Yule mheshimiwa mwenye sauti nene alisema serikali sasa inataka kuingia jikoni mwa watu na kufunua masufuria. Mheshimiwa daktari, yule mama mwembamba anayesoma kila karatasi mpaka mwisho, akamjibu kwamba serikali imo jikoni siku nyingi, kwa kuwa wanaokohoa moshi wanatibiwa kwenye hospitali zake. Mimi niko upande wa daktari, na nakwambia wazi ili usidhani nina ugomvi na sheria yenyewe. Marehemu mama alikohoa miaka mingi mno. Lakini hata daktari alikubali kwamba mafundi wadogo wapewe miaka minne ya kujirekebisha. Hiyo ilikuwa kabla ya jiko namba kumi na nne.

Majiko hununuliwa sokoni, yanafutwa majina na kubandikwa namba, ndipo yanaletwa kwetu. Jiko namba kumi na nne lilipata thelathini na saba. Nikarudia, likapata ile ile. Mkuu wetu, ambaye tunamwita Desimali kwa kuwa hata umri wake huutaja kwa nukta, akapeleka matokeo kwenye kamati ya bunge. Daktari akalishika jambo hilo kwa mikono miwili. Akasema kama fundi mmoja mwenye nyundo na koleo ameweza, wengine wanasubiri nini? Miaka minne ikafutwa, ikawekwa miezi sita. Waandishi wa habari wakaulizia sokoni lilikonunuliwa, wakakupata wewe, nawe ukanunua rangi. Mzee Koleo na wenzake wakabaki kushika vichwa.

Wiki iliyopita mwenzangu wa meza ya pili alilipima tena jiko hilo, akapata thelathini na moja. Nikamwambia amekosea. Akarudia, thelathini na moja. Desimali akaamuru nipime mimi na mwenzangu atazame. Maji yalipoanza kuimba, mwenzangu akaniuliza mbona nafunga mlango wa jiko. Nikamwambia sijafunga chochote. Mkono wangu ulikuwa bado uko pale mlangoni, baba, umeshika kitambaa.

Kanuni inasema mlango wa hewa ubaki wazi mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo watu wengi wanavyopika. Mimi nilikuwa nimeusukuma mpaka ukabaki upenyo wa vidole vitatu. Unajua nimeutoa wapi mkono huo. Maji yakianza kuimba, mama alikuwa anasukuma mlango, anapima kwa vidole vyake vitatu, anaendelea na mazungumzo bila hata kutazama. Nilikuwa nafanya hivyo kabla sijajua kusoma. Alikuomba mara ngapi uweke kizuizi, mlango ukome hapo wenyewe? Ukamwambia wateja wanapenda kuuona moto, na kwamba yeye apike na wewe ugonge bati. Mlikuwa mnataniana, najua. Lakini aliendelea kusukuma.

Nilimuuliza Desimali kama kipimo hakiwezi kubadilishwa, maana ukifanya vile mkaa unapungua kweli. Akanijibu kwa upole kwamba jiko likiuzwa, mkono wa mama yangu hauuzwi nalo.

Sasa nifike kwenye lile linalonitafuna. La mkono ni mazoea, mtu anaweza kulisamehe. Lakini jiko namba kumi na nne nililitambua siku lilipoingia, kabla sijalitia mkaa. Niliona mshono wa chini, yale mapigo yako mawili makubwa na moja dogo. Nilipaswa kusema hili ni la baba yangu, apime mwingine. Nikanyamaza. Nilitaka nikupime mimi, na nilitaka ushinde. Wewe uliyenipa jina la Karani kwa kuwa kila kitu nilikiandika, ujue kwamba safari hii niliacha mstari mmoja, na nilijua kuwa ninauacha.

Jana nilimwandikia Desimali yote mawili. Amenisimamisha kupima, na Jumanne nitasimama mbele ya kamati niseme kwamba namba ya kweli ni thelathini na moja. Nadhani miaka minne itarudi na mafundi wenzako watapumua. Wewe utabaki na ule ukuta. Nimekuaibisha, baba, na naumia kuliko ninavyoweza kuandika. Sikutaka uyasikie kwanza redioni mbele ya wateja.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha karatasi ngumu nilichokikata kwenye kalenda. Ni kipimo cha mahali pa kuweka kizuizi kwenye mlango. Nimekata upana wa vidole vya mama, si vyangu. Vyake vilikuwa vyembamba. Mlango ufunguke wote wakati wa kuwasha, kisha urudi wenyewe ukome hapo. Namna ya kuurudisha utaijua wewe, mimi si fundi. Sijui kama jiko litafika thelathini na tano. Likiletwa, mwenzangu atapima na mimi nitakaa nje.

Na ukutani usipake chokaa upesi, hata ukinikasirikia. Futa tu ile saba, andika moja. Halafu rangi ikibaki, andika pembeni kwamba zile sita zilikuwa za mama.

Mpe dada salamu zangu, na watoto wake uniwekee mkono kichwani. Nitakuja Jumatano, ukikubali kunipokea.

Ni mimi mwanao,
Karani