Sekunde Kumi na Moja za Abdulwahid

Jumatano, 18 Juni

Kanitia jina langu! Kwenye tangazo! Wanafunzi ndio walionionyesha leo wakati wa mapumziko, wanacheka. Gari ya Abdulwahid, ile ya njano ya milango miwili anayoiita Radi, inapita mbio, muziki unapiga, halafu maandishi makubwa: dakika moja na sekunde thelathini na nane, hakuna gari inayoifikia Unguja nzima. Chini yake: imepimwa na Mwalimu Riyama.

Muongo! Mimi nilipima moja na arobaini na tisa. Idd pili, kwetu Makunduchi, kwenye zile barabara za viwanja vipya – lami ishatiwa, nyumba hakuna hata moja, ndio maana wenye magari wakachagua kushindania pale. Nilisimama juani na saa yangu ya michezo shingoni. Radi ilizunguka mara tatu, zote arobaini na tisa. Gari nyekundu ya wale vijana wa Jang'ombe ikazunguka kwa arobaini na tatu. Nyekundu ilishinda. Nilitaja kwa mdomo wangu, watu wakasikia, na Abdulwahid akatabasamu akanipa soda.

Soda! Ningejua ningeimwagia kwenye injini.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda dukani kwake Ng'ambo. Magari yanang'ara, yeye nyuma ya meza, marashi mpaka mlangoni.

Ati kiwandani ndio waliosema thelathini na nane. Wamepima wenyewe huko kwao, wameandika kwenye vitabu vyao. Nikamuuliza, sasa kiwanda kilizunguka Makunduchi lini? Akacheka. Ati gari ni ile ile, barabara ni barabara. Halafu akasema labda kidole changu kilichelewa kubonyeza, kwani mwanamke na saa wapi na wapi, Mwalimu? Vijana wake wakaangua kicheko.

Nimemwambia n'tamkomesha. Akanambia karibu tena.

Nimelia njia nzima. Si huzuni hii. Hasira!

Jumamosi, 28 Juni

Sasa kanikata mkono.

Mashindano ya skuli ni mwezi wa nane. Tangu nianze kusomesha michezo, saa ya mstari wa mwisho ni yangu. Watoto wananiamini. Mtoto akishindwa kwa nukta nikamwambia umeshindwa, anafuta machozi anaondoka, habishi. Leo Bwana Msabah wa kamati kaniita, kashusha sauti, kaniagizia chai. Wenye gari nyekundu wanasema Mwalimu kauza sekunde kumi na moja. Watu wa Abdulwahid wanasema Mwalimu hajui kupima. Yaani nichague – muongo au mjinga! Basi kamati imeona saa ishikwe na mtu mwengine, kwanza jambo lipoe.

Sikuinywa chai. Nimerudi nyumbani nimefua mapazia yote, nimeyakamua kama shingo ya mtu.

Jumanne, 1 Julai

Nimekipata! Nimekipata!

Nimeliangalia tangazo mpaka simu imepata moto. Mwisho, Radi inaposimama, pale mbele kwenye matundu ya kupitisha upepo – kuna jani limenasa. Nikalikuza. Kisamvu! Jani la muhogo, bichi, na kikonyo chake chekundu. Wewe Abdulwahid, kwenye lami muhogo unaota wapi?

Leo nimekula wali sahani mbili.

Jumapili, 6 Julai

Makunduchi. Nimekwenda moja kwa moja kwa Bi Sichana. Yeye ndiye anayelima mihogo kwenye vile viwanja, maadamu wenyewe hawajajenga. Shikamoo, marahaba, hata sijakaa keshaanza kulalamika. Baada ya Idd kaenda kumwangalia mwanawe, karudi kakuta mihogo imelala njia nzima, katikati ya shamba. Kanipeleka. Alama za magurudumu bado zipo. Wamerudi peke yao siku nyengine, wakaacha lami, wakakata kona kupitia shambani, wakatokea upande wa pili! Ndio thelathini na nane hiyo.

Nimezipiga picha, nikataka kuzirusha mtandaoni usiku huu huu pamoja na lile jani. Shangazi Maisara kanizuia. Kanambia picha itapita, kesho watu wanaangalia nyengine. Wimbo je?

Ah, shangazi yangu! Yeye ndiye anayeongoza nyimbo za wanawake siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa Makunduchi. Wanaume wanapigana kwa migomba, sisi tunawapitia na nyimbo, na aliyetajwa siku ile anatajwa mpaka Nungwi. Na Abdulwahid atakuwepo, anakuja kuionyesha gari kwa wageni.

Nimetunga hapo hapo, jikoni:

Gari la njano lala kisamvu,
Lapita shamba, laacha lami,
Mwenye nalo ana mabavu,
Kaiba saa, asema si mimi.

Shangazi kacheka mpaka kanga imemdondoka. Lakini kanishika mkono, kanambia neno moja: nna siku hiyo moja tu. Mwaka ukishakogwa, kile kibanda cha makuti kinachochomwa siku hiyo kikishaungua, kinyongo kimeishia kwenye moto. Nisimtajie tena jina la mtu huyo nyumbani kwake.

Siku moja yanitosha.

Jumapili, 13 Julai

Nimelala kwa shangazi. Wanawake kumi na wawili wameshaujua wimbo. Zeyana, mtoto wa jirani, kauongezea vigelegele kwenye "kisamvu". Nguo mpya ishapigwa pasi.

Ntamtazama usoni. Hilo tu nnalolitaka. Nimwone anavyomeza mate mbele ya watu, kama nilivyomeza mimi mbele ya Msabah.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika chumbani kwa shangazi, mlango nimefunga. Nianze mwanzo, nitulie.

Asubuhi shangazi kapata wasiwasi. Mgeni wake wa Tumbatu anaumwa, haji. Na siku ya Mwaka nyumba haikai bila mgeni, ni mkosi. Kamtuma Zeyana barabarani amlete yeyote, yeyote yule. Mimi nipo ndani najitia wanja, nasikia: hodi, shikamoo shangazi, marahaba baba, karibu mkekani. Sauti naijua. Marashi nayajua!

Nimetoka, nimemkuta Abdulwahid anakula wali wa nazi na pweza wetu.

Nimemvuta shangazi uani. Kakataa kata kata. Ati keshakula chakula chake, mgeni wa Mwaka hatukanwi, wimbo hauimbwi. Nimemsihi, nimelia, wanja wote umeniingia machoni. Hataki! Wanawake kumi na wawili, wimbo wote, umezuiliwa na sahani ya wali!

Nikarudi mkekani nikamwambia uso kwa uso: unakula vizuri, na gari yako nayo inapenda kisamvu. Kaacha kutafuna. Nikamwonyesha picha. Akajifuta mikono pole pole. Akasema basi tuimalize leo, Mwalimu. Radi izunguke tena, upime tena, mbele ya watu wenu, ikishindwa kuifikia thelathini na nane naukiri uongo wangu hadharani.

Nikampa masharti yangu. Hakuna kukata kona: Bi Sichana kakaa katikati ya mihogo juu ya kigoda, panga mapajani. Viti vya gari vimo vyote, visije vikatolewa gari ikawa nyepesi, nimevigusa mwenyewe. Dereva ni yule yule wa Idd, Shamsi. Na simu zote ndani ya ungo wa shangazi, zimefunikwa kanga, nisije nikaambiwa simu ya fulani imesoma vyengine. Saa moja tu – yangu. Wote wamekubali. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyataka hayo.

Shamsi kaondoka. Gari imepotea nyuma ya minazi, tunasikia mlio tu. Watu wa kila kona wanapiga kelele ikipita. Abdulwahid kasimama karibu yangu, jasho linamtoka, marashi yote yamekwisha. Hatazami barabara, ananitazama mimi, kama mtoto anayengoja majibu ya mtihani. Hajui! Mwenyewe haiamini gari yake.

Imepita mstari. Nimebonyeza.

Moja na thelathini na saba.

Nimeisoma tena. Thelathini na saba. Kona haikukatwa, Bi Sichana kanyanyua panga juu kutoa ishara. Gari ile ile. Sijui wameifanya nini. Labda Shamsi keshaizoea njia. Labda Idd palikuwa na mchanga. Lakini Idd ilikuwa arobaini na tisa, wallahi ilikuwa arobaini na tisa! Kasema uongo, halafu uongo wake umekwenda ukawa kweli, leo, mkononi mwangu.

Watu: Mwalimu, ngapi? Nimeiziba saa kwa kiganja. Nimesema kumeadhiniwa, naswali kwanza, nikitoka n'tataja. Wamesema sawa. Wananiamini.

Nshaswali. Saa ipo juu ya msala, namba zinanikodolea macho. Kitufe kidogo pembeni. Nikikibonyeza inarudi sifuri, na kinachobaki ni kauli yangu. Arobaini na tisa. Nani wa kunibishia? Nikitaja thelathini na saba, basi hata ya Idd watasema nilikosea, na mwezi wa nane nitakaa jukwaani na watazamaji.

Nasikia harufu ya moshi. Kibanda wamekiwasha. Shangazi anagonga mlango: Riyama! Mwalimu! Watu wapo juani, na mgeni wetu kasimama hajatia hata maji mdomoni.

Naam, nimeitika. Nnakuja.

Kidole changu hakijachelewa, Abdulwahid. Kipo juu ya kitufe –