Nilibandika Karatasi Mpya Getini, Mjukuu Akafungasha Kamera Yake

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuomba watu msaada, muulize yeyote hapa kijijini, tumebaki kumi na tisa na wote wananijua, lakini leo naomba, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na sina wa kumwambia, jirani yangu Vatsa nikimwambia saa tatu, saa nne dukani wanalo. Nimesoma madarasa manne tu, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa ujue ni mkono wangu, sikumwomba mtu aniandikie. Jina langu liandike. Naitwa Tsonka, nina miaka sabini na minane, sijaiba cha mtu.

Mwanangu Ognyan alifariki tarehe tisa Februari. Alianguka kwenye jengo huko Uhispania alikokuwa anafanya kazi, wakamleta kwenye sanduku lililochomelewa, wakasema tusifungue, tukazika sanduku. Nikabandika karatasi ya marehemu getini kama watu wote, ile yenye picha na jina na miaka yake, na siku ya arobaini nikabandika nyingine, hapo ana shati jeupe, anatabasamu kidogo, ni picha ya harusi ya binamu yake. Hapa kwetu geti lisilo na karatasi ni la nyumba ambayo hakuna tena wa kumkumbuka mtu.

Ognyan ameacha binti mmoja, Bilyana, miaka ishirini na miwili, anasomea mambo ya filamu huko Sofia, mji mkuu. Mama yake aliolewa kwingine zamani, kwa hiyo tumebaki wawili, mimi na yeye. Tangu hiyo arobaini akawa anakuja kila mwezi na kamera. Kamera yenyewe ndogo, inaingia kwenye mfuko wa aproni, nikamwambia mjukuu wangu wewe umedanganywa, kamera ya babu yako ilikuwa nzito kama tofali na ukibonyeza inalia kak, hii yako haina hata sauti. Akacheka, akasema, "Bibi, zile za zamani zilikuwa na kioo ndani, kinaruka juu kila ukibonyeza, ndicho kilikuwa kinalia. Hii haina kioo." Halafu akatoa kwenye droo lenzi ya kamera ya marehemu babu yake, ile iliyoingia ukungu, akaifunga mbele ya hiyo kamera ndogo kwa kipete cha chuma, eti ukungu ndio anaoutaka. Watu wanafuta ukungu, huyu anautafuta.

Filamu ni ya mtihani, fupi, dakika nne. Nikamwuliza, watu humo ndani wanasema nini?

"Hawasemi kitu, bibi. Ni hali tu."

"Hali ya nani?"

"Ya hapa."

Basi akapiga picha ukungu unaotoka mto Danubi asubuhi, akapiga kisima, akapiga mvuke wa sufuria yangu, akapiga chumba cha baba yake na kitanda kimetandikwa, na kila akija alisimamisha ile stendi ya miguu mitatu mbele ya geti, pale pale, aliweka mawe mawili na tofali moja ili miguu ya stendi isihame hata kidogo, akapiga karatasi ya baba yake. Aprili, Mei, Juni. Jua likaila, mvua ikaila. Alitaka filamu yake ionyeshe uso unavyoondoka mpaka karatasi ibaki nyeupe. Agosti ilipotimia nusu mwaka, siku ya kubandika nyingine, akanishika mikono yote miwili akasema, "Bibi, hii naomba usiibadilishe. Iache iishe yenyewe." Nikasema sawa. Nilisema, silikatai hilo.

Sasa sikia alichonifanyia. Katikati ya Septemba tumekaa jikoni, ananionyesha kwenye kile kidirisha cha kamera vipande alivyokwisha kupiga, mimi natazama huku natoa mbegu za pilipili hoho, mara namwona mwanamke mzee, mgongo umepinda, soksi imeshuka, amesimama getini anaongea na karatasi. Nikasema huyu nani. Nikatazama tena. Ni mimi. Kumbe asubuhi aliiacha kamera kwenye stendi inajipigia yenyewe akaingia ndani, na kwa kuwa haina mlio mimi nitajuaje. Na sauti yangu imo. Nasema, "Umeamka, punda wewe? Umelowa tena. Si nilikuambia usiende huko," na namfuta maji usoni kwa ncha ya aproni. Nikamwambia Bilyana, "Futa hiyo." Akasema, "Bibi, hiyo ndiyo filamu yenyewe, mengine yote ni ukungu tu." Nikamwambia mimi si mwendawazimu wa kuonyeshwa watu Sofia. Akasema uso wako hauonekani. Nikasema soksi inaonekana. Tukaishia hapo, akala, akanibusu, akaondoka vizuri tu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa mjini kwa daktari wa macho, nikapita pale wanapochapa karatasi, nikaagiza ya nusu mwaka, kwa sababu nusu mwaka ni nusu mwaka, na Vatsa alishanisema dukani mbele ya watu, "Tsonka, Ognyan wako mbona amebaki sikio?" Ile ya zamani nikaikwangua kwa kisu. Kweli ilikuwa imebaki kola ya shati na sikio moja. Sikuitupa, uso wa mtu hautupwi, niliichoma ndani ya jiko. Nikabandika mpya, picha ile ile, nikaitia kwenye nailoni, nikapigilia misumari minne, mvua isiiguse.

Jumamosi iliyopita Bilyana akaja kupiga kipande cha mwisho. Nilikuwa nimempikia pilipili hoho za kujaza wali. Nikamwona kwa dirisha anaweka stendi kwenye yale mawe, hajatazama juu, anainama kwenye kamera, halafu anabaki ameinama hivyo hivyo, muda mrefu. Nikatoka.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimefanya wanachofanya watu."

"Uliniahidi."

"Niliahidi Agosti. Agosti alikuwa bado ana macho."

Hakupiga kelele. Bora angepiga, ningejua la kumjibu. Akakunja stendi, akaitia kamera kwenye begi, akasema, "Alikuwa anaondoka polepole, bibi, na nilikuwa nimeanza kuzoea. Sasa umemrudisha." Akaenda kungoja basi la saa nane, pilipili hakuzigusa. Simu hapokei. Ameandika ujumbe mmoja tu, kwamba Jumamosi ya Wafu hatakuja.

Mshauri, hiyo Jumamosi, tunapowapelekea marehemu wetu ngano makaburini, ni mwanzoni mwa mwezi ujao. Mimi siwezi kusimama kaburini peke yangu nimeshika sahani ya ngano ya kuchemsha kama mtu asiye na uzao. Nimeshaandaa mitungi sita ya jamu ya plamu, nataka kumpa dereva wa basi amfikishie. Niambie nani mwenye kosa, maana mimi nimefuata desturi, na yeye alinipiga picha mgongoni bila kuniomba ruhusa. Mwandikie hapo gazetini, huenda akaona.

Tsonka

JIBU

Bibi Tsonka,

Pole sana kwa Ognyan. Mwandiko wako unasomeka vizuri, mimi kilichonisumbua ni hesabu. Kutoka tarehe tisa Februari mpaka nusu mwaka ni tarehe tisa Agosti. Wewe karatasi umeiagiza mwishoni mwa Septemba. Kama ilikuwa desturi, ulichelewa wiki saba. Kama ilikuwa maneno ya Vatsa, sidhani wewe ni mtu wa kuendeshwa na Vatsa. Uliikwangua karatasi ile wiki mbili baada ya kujiona kwenye kidirisha cha kamera, na uliikwangua ili kipande cha mwisho kisipatikane. Hilo umelijua muda wote, ndiyo maana limekukaa kooni. Desturi haimkai mtu kooni.

Kuna na la pili, umelitaja mwenyewe ukapita haraka. Sanduku lilikuja limefungwa. Uso wa mwisho wa mwanao uliouona ni huo wa getini, na kila asubuhi ulikuta umepungua, na mjukuu wako anasimamisha stendi kuupiga unavyopungua. Ni mzigo mzito, mama, na sidhani kama ningeubeba. Lakini je, ulimwambia? Hapana. Ulimwambia habari za soksi.

Msichana naye ana kosa lake, na Bilyana, kama unasoma, sikia. Mtu haachiwi kamera isiyo na mlio nyuma ya mgongo wake, hata kama ni bibi yako, na hasa kama anaongea na mtoto wake. Ungemwomba. Angekukatalia, ungemwomba tena.

Hayo yamekwisha. Sasa wewe, Bibi Tsonka, fikiri kidogo. Mtoto amepiga ukungu, kisima, mvuke, kitanda kitupu, miezi sita, na alipokaa kutazama alichovuna akaona humo kitu kimoja tu kinachopumua, nacho ni mgongo wako. Wewe ukadhani anakuaibisha. Yeye pia hakuuona uso wa baba yake. Na huko Sofia kwenye ghorofa hana geti la kusimama asubuhi akamwita baba yake punda. Wewe ndiye uliyekuwa unasema kwa ajili yenu wawili, na hukujua.

Mitungi ya jamu usiitume. Jamu inasema tusahau yaliyopita, na hakuna kilichopita. Usimtumie salamu kwa mtu, usimwambie unaumwa, na usinisukumie mimi niandike anachopaswa kukisoma kutoka kwako. Kwa kuwa simu hapokei, mwandikie barua kwa mkono huo huo, ukurasa mmoja. Anza na kosa lako, usianze na lake. Andika kwamba uliikwangua makusudi, na andika uliogopa nini. Kuhusu ile sauti yako, kama unaweza kumruhusu aitumie, sema natoa ruhusa, na soksi pia. Kama huwezi, sema siwezi, ila useme wewe Tsonka, usimtume Vatsa wala desturi kukusemea. Usimwombe aje. Mwambie tu saa utakayotoka nyumbani kwenda makaburini, na kwamba ngano utakayochemsha ni ya watu wawili.

Asipokuja, chukua sahani yako uende. Utasimama peke yako na haitakuua. Mwakani ipo tena.

Filamu imeharibika au haijaharibika, mimi sijui, si fundi wa kamera. Ninachojua ni kwamba yale mawe mawili na tofali bado yapo mbele ya geti lako, kwa hiyo ukifagia, yapitie pembeni, usiyasogeze. Na mvua za Novemba ziko njiani. Leo, kabla hujakaa kula, chukua koleo, ng'oa ile misumari minne, uitoe nailoni, karatasi uirudishe bila kifuniko, mvua iifikie.