Mbizi wa Bawa Bovu

Basra, 2 Juni

Baba yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, hofu ni kwako. Mleta malai ya maziwa ya nyati kaniambia maji ya huko kinamasini yamekuwa chumvi, hata nyati wenu wa kufugwa wanayakataa, na wewe unayanywa! Njoo, baba. Chumba kipo. Utang'ang'ania matope mpaka lini?

Binti yako,
Nashmia

Huwaiza, 9 Juni

Nashmia mwanangu,

Salaam imefika. Mimi mzima kuliko huyo mumeo. Niliapa mbele ya watu katika nyumba ya wageni ya kijiji: yule ndege wetu mbizi akihama nami nahama, si kabla. Na yupo! Jana kazama mwili wote, likabaki shingo tu majini kama nyoka. Akaibuka na samaki kamchoma ubavuni kwa mdomo, akamrusha juu, akammeza kichwa kwanza. Kisha akapanda kigingi chetu cha mtumbwi kuanika mabawa. La kushoto bado halinyooki, tangu siku ile tulipomtoa wavuni akakudonoa kidole. Mwenye bawa bovu hajakimbia, nikimbie mimi?

Baba yako

Basra, 20 Juni

Baba,

Hujambo? Niambie kweli safari hii. Leo nimekwenda mtoni kununua samaki. Juu ya chuma cha boti iliyozama kulikuwa na mbizi kaanika mabawa, la kushoto limekunjika nusu. Wauza samaki wanasema yupo hapo tangu Aprili. Nimelia mbele yao kama mtoto. Sikuandikii nikuaibishe, baba. Naogopa. Huko umebaki na nani?

Nashmia

Huwaiza, 17 Julai

Mwanangu,

Nisamehe kimya changu. Ni kweli, aliondoka samaki walipoanza kuelea wamekufa. Nilikudanganya kwa sababu niliapa nikijua hatahama. Wazee wake hawakuhama, wala wangu. Kila asubuhi nilikitazama kile kigingi, na sasa kimesimama kwenye udongo mkavu.

Nyati wa mwisho nimemzika juzi. Nakuja Alhamisi na gari la malai, maana malai yenyewe hayapo tena.

Tafadhali usipige vigelegele. Nipokee kama mfiwa: kahawa chungu, na mtu asiniulize kitu. Kesho yake nipeleke mtoni kwa yule mhuni aliyeondoka bila kuniaga. Nina neno naye.

Baba yako