Kidole Chako Kiko Kwenye Nta

Doto, pacha wangu,

Wengine wakiwaandikia marehemu wao huanza kwa machozi. Mimi yangu yameshakauka, sasa nina hasira. Nina hasira na wewe tangu siku tuliyokuzika, na kwa kuwa huwezi tena kunikatiza kwa kusema, "Kulwa, haya tutaongea nikirudi kutoka porini," leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Barua hii ni ya wazi kwa makusudi. Kesho tunaondoa matanga pale nyumbani Kigwa, na nitaisoma mbele ya ukoo mzima, Baba Mdogo akiwa amekaa kwenye kiti chake kile cha kamba. Maana wewe umekufa kwa ubishi wako, lakini anayeadhibiwa ni Shangazi Nyamizi. Wanasema amekuroga. Juzijuzi vijana walirusha mawe juu ya bati la nyumba yake, mchana kweupe, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewakemea. Nikamfuata, nikamleta kwangu mjini Tabora na kifurushi cha nguo na kuku mmoja kwapani. Huyo ndiye mwanamke aliyetulea mama alipofariki, Doto. Huyo ndiye aliyekuwa anatutafunia karanga wakati wa surua.

Unakumbuka tulivyolipata lile tela? Lilikuwa mifupa mitupu nyuma ya karakana mjini, chasi yenye kutu na matairi yaliyokaa upande. Mimi niliona chuma chakavu, wewe uliona nyumba. Ulikuwa umechoka kulala dago, ile kambi yenu warina asali, chini ya turubai, siafu wakikutembelea shingoni. Ukapanda juu ya chasi, ukanyoosha mkono kama mkuu wa wilaya. "Wapagazi wa zamani walipita njia hii hii na mizigo kichwani, wakalala chini. Mimi mjukuu wao nitapita na nyumba yangu nyuma ya trekta." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa unajua kunichekesha, na hilo pia leo linaniudhi.

Fundi wa kuchomelea akakujengea chumba cha bati kwa nje na mbao kwa ndani: kitanda, rafu ya ndoo za asali, meza ndogo ya jiko la gesi. Mtungi hakuuweka ndani. Aliujengea kizimba chake nje, pale mbele tela linapofungwa kwenye trekta, akaufunga mnyororo usimame wima hata barabara ikiwa mbovu. Kisha akatoboa matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, na mengine juu karibu na paa, akayawekea wavu.

"Shikamoo, fundi. Mbona unatutobolea nyumba?" ukamtania.

"Marahaba. Gesi hii ni nzito, kijana. Ikivuja inalala chini kama maji, sasa isipopata pa kutokea si itakungoja? Na haya ya juu ni ya kupumua. Jiko nalo linakula hewa, hewa hiyo hiyo unayokula wewe. Usiyaguse."

"Sawa, mzee wangu," ukaitikia kwa mdomo wako wa asali, nami nikaamini kwamba umesikia.

Na mwanzoni ulisikia! Ndiyo maana siwezi kukusamehe haraka. Ungekuwa mzembe tangu mwanzo ningesema basi, ndivyo alivyoumbwa. Lakini kabla ya kila safari ulikuwa unachovya kitambaa kwenye povu la sabuni, unapaka kwenye koki na kwenye mpira wote mpaka kwenye jiko, unakodoa macho uone kama kuna kipovu kinachofura. Mtu akitaja kupima kwa kiberiti ulimtukana. Mpira ulipoanza kuchanika ulinunua mpya siku hiyo hiyo, hukuufunga kwa kitambaa kama wanavyofanya wengine. Uliuogopa mtungi kama chui, Doto. Jiko ukalichukulia kama paka wa nyumbani.

Halafu zile nyavu zikachanika. Barabara ya kwenda porini ilizitikisa mpaka zikaachia, nyuki wakaanza kuingia kufuata ndoo za asali, mbung'o nao wakaingia kufuata damu yako. Nilikuambia lirudishe tela kwa fundi, kazi ya nusu siku tu. Wewe ukacheka. Ukakaa pale uani Kigwa, ukakanda nta ya nyuki viganjani mpaka ikalainika, ukaziba matundu moja moja, ya chini kwanza, kisha ukapanda kwenye ndoo ukaziba ya juu. Ulikuwa unapiga mluzi. Mrina asali, fahari ya Kigwa yote, anaziba nyumba yake kwa nta!

Shangazi alikuwa anapepeta mahindi. Akaweka ungo chini, akaja kusimama karibu yako. "Doto, hata mzinga una mlango. Ukiuziba mlango wa mzinga, nyuki wanakufa na asali yao ndani. Zibua, baba. Utafia humo."

"Shangazi, kinachoua ni moshi," ukamjibu bila kugeuka. "Gesi haina moshi. Hii ni nishati safi."

"Utafia humo, mwanangu," akarudia, akaenda zake.

Jirani walikuwepo, wote walisikia. Lakini angalia walichobeba masikioni. Habari ya mzinga hawakuibeba, wala ya nyuki kufa na asali yao. Walibeba maneno mawili tu, "utafia humo," wakayaweka akibani mpaka siku ya kuyatumia.

Ukaenda porini na tela lako. Ilikuwa kipupwe, wewe unajua baridi ya pori letu msimu ule, inavyopenya mpaka kwenye meno. Wenzako wawili waliokuwa kwenye mahema walisema asubuhi walikuita chai imeiva, ukanyamaza. Wakagonga, wakazunguka, wakavunja mlango uliokuwa umefungwa kwa ndani. Walikukuta umelala ubavu, viganja viwili chini ya shavu, kama ulivyokuwa unalala tukiwa wadogo. Swichi ya jiko ilikuwa wazi na mtungi umekwisha. Ulikuwa unaota moto wa jiko la kupikia, usingizi ukakuchukua, jiko likaendelea kula.

Daktari alitueleza vizuri kabisa. Jiko likiwaka kwenye chumba kisichopitisha hewa, hewa nzuri inakwisha, inabaki sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo inamchukua mtu akiwa usingizini. Gesi ikivuja walau inanuka, unaweza kukimbia. Hii haimwamshi mtu. Baba Mdogo alikuwa ameketi karibu yangu, akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Tulipofika makaburini akasimama mbele ya watu: "Mtu mzima analala na afya yake, mlango umefungwa kwa ndani, anaamka maiti bila hata mchubuko. Nani alimtabiria?" Watu wakageuka, wakamtazama Shangazi na macho yake mekundu.

Macho mekundu! Miaka yote ile amekaa mbele ya mabani ya kukaushia tumbaku kule Urambo, akichochea kuni usiku na mchana ili majani yakauke, ili mimi na wewe tupate sare za shule, sasa moshi ule ule wa kutusomesha umegeuka ushahidi. Na huyo Baba Mdogo, anamfanyia hivyo dada yake wa tumbo moja! Baba Mdogo huyo huyo ndiye anayetoa jiko la mkaa nje kila jioni kabla wajukuu zake hawajalala. Muulizeni kwa nini. Atawaambia mkaa unaua chumba kikifungwa. Basi mkaa ukiua ni hewa, gesi ikiua ni mchawi?

Samahani, Doto, nimeanza kuwagombeza walio hai. Wewe ndiye niliyekuandikia.

Sikio la kufa halisikii dawa, sawa, lakini sikio lako halikuwa la kufa. Lilikuwa la kiburi tu. Ulikuwa na kitu kimoja usichokipenda duniani, kuambiwa jambo na mwanamke wa nyumbani. Fundi akisema, unaitikia, "Sawa, mzee wangu." Muuza gesi akisema, unajibu, "Nimekupata, bosi." Mimi na Shangazi tukisema, unapiga mluzi. Tulikuwa tunakupenda kuliko hao wote, na hayo ndiyo yalikuwa malipo yetu, mluzi.

Wiki iliyopita nilikwenda kulitazama tela pale uani. Mkeo hataki hata kupita upande ule. Nilichukua kisu nikaanza kuzibua matundu, ya chini kwanza, kama ulivyoanza wewe. Nta ilikuwa ngumu, ikatoka vipande vizima. Nikageuza kimoja kwenye mwanga, nikakiona kidole chako gumba.

Kile kile, Doto. Chenye mfereji katikati. Unakumbuka tulivyokuwa tunachonga mzinga wetu wa kwanza, tezo ikateleza ikakupasua kidole hadi kwenye ukucha? Hukulia. Ulinitazama mimi kwanza uone kama nitalia, ndipo uamue. Nilirarua pindo la khanga ya Shangazi nikakufunga, naye alipotuona hakuuliza habari ya khanga. Kidole kikapona na mstari wake, na Kigwa yote ikakuita Gumba Mbili. Hakuna mtu pale kijijini asiyekijua kidole hicho, na sasa kimegandishwa kwenye kila kipande cha nta, chini na juu, jinsi ulivyokuwa unasukuma kwa nguvu zako zote.

Kesho nitavitandaza kwenye mkeka. Kila atakayetaka kusema Shangazi amekuua, nitampa kipande akishike, akigeuze, aniambie kidole hicho ni cha nani. Najua wako watakaosema mchawi ndiye aliyekushika mkono. Wapo wa namna hiyo, huwezi kuwaponya wote. Lakini wapo waliokaa kimya kwa sababu hawakuwa na la kushika, hao nawataka. Na wale vijana wa mawe nawataka mbele kabisa, maana nusu yao wanakwenda dago mwakani, na wameshaanza kuulizia tela lako linauzwa lini.

Haliuzwi mpaka nyavu zirudi. Nimeshaongea na fundi, ataweka nzito zaidi, za ndani na za nje, nyuki wasipite na hewa ipite. Atakayelichukua nitamsimamisha mlangoni nimwambie yote, mtungi nje, povu la sabuni, koki ifungwe kabla ya kulala, na jiko ni la kupikia, akisikia baridi ajifunike blanketi. Akinipigia mluzi, harudi na tela.

Shangazi anakaa na mimi vizuri. Kila nikiwasha jiko anainuka, anafungua dirisha, anarudi kukaa. Jana alitamka jambo moja tu. "Kulwa, nilimwambia kwa kumpenda. Ningejua watu wanasikiliza, ningesema kwa sauti ya chini." Ungenijibia wewe, kama ungekuwepo, kwa upuuzi wako wowote ule, tukacheka.

Kabla sijavifunga vile vipande kwenye kitambaa niliweka gumba langu juu ya alama yako. Tulitoka tumbo moja, gumba likaenea vizuri pembeni kote, isipokuwa pale kwenye mfereji. Nililiacha hapo mpaka nta ikaanza kupata joto, nikaogopa kukufuta, nikalitoa.

Nimekukasirikia, Doto. Nadhani nitakukasirikia mpaka nizeeke, na uzee wenyewe tulipanga tuufikie pamoja. Mimi nilitangulia kuja duniani, wakanipa jina la mkubwa, na wewe ulikuwa unanifuata nyuma kila mahali. Safari hii ungeningoja.

Pumzika. Kesho Shangazi ataingia uani akiwa mbele yangu, na matundu yako yote yako wazi.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Kulwa