Chozi Mweupe wa Chukwani

Chukwani, Unguja
12 Februari 2025

Mpendwa Dada Badria,

Assalaam alaykum. Hali yako na watoto huko Maskati? Kifua cha Khairiya kimepoa? Huku wazima, alhamdulillahi, na Mama siku hizi anajikongoja mwenyewe mpaka barazani.

Ila mimi moyo unanichemka, na bora uyasikie haya kwangu kabla hayajakufikia kwa mdogo wetu Anwar.

Mwezi uliopita alikuja uani ndege mdogo, mweupe pepepe, akinywa kwenye kichupa cha maji ya sukari nilichowatundikia ndege. Anwar akampiga picha, akaenda kuionyesha hotelini Mji Mkongwe anakotembeza wageni. Akarudi akitamba kwamba ni ndege mvumaji, wale wa Marekani wanaonyonya maua huku wakielea hewani. Nikamwambia mbona huyu hutua kwanza ndipo anywe, na mlio wake ni wa chozi, hawa hawa ndege wetu wadogo wanyonyao maua. Akanicheka.

Baadaye nikamwona chozi jike, wa rangi yake ya kawaida, akimlisha mdomoni juu ya mkomamanga. Kumbe ni kinda lake, Mungu kalijaalia weupe. Nikamwita Anwar akaona kwa macho yake.

Nilipokwenda Kizimkazi mazikoni, bwana Anwar akapaka ulimbo kwenye tawi, akamnasa yule mweupe, akampeleka hotelini. Niliporudi nikamkuta yule jike anahangaika mtini, analia.

Dada, sikuvua hata buibui, nikaenda moja kwa moja hotelini. Nilimkuta tunduni pale mapokezi, manyoya yamegandana, wageni wanaambiwa katoka Marekani. Anwar akaninong'oneza, "Nassra, usinitie aibu mbele za watu."

Nikamjibu kwa sauti, wasikie wote. "Huyu ni chozi wa Chukwani, na mamake yuko uani kwangu anamlilia."

Nikalibeba tundu, nikatoka. Hakuna aliyenizuia.

Nilimsafisha ulimbo kwa mafuta ya nazi, nikalitundika tundu mkomamangani. Mamake akawa anamlisha kwa kupenyeza mdomo kwenye vyuma. Alipopata nguvu nikamfungulia, wakaruka wote wawili.

Sasa hoteli imemfukuza Anwar kwa uongo ule, na Mama ananishika mimi nikamuombe radhi, eti nimemvunjia riziki. Nshamwambia Mama: Anwar nitampikia, nitamfulia, ila radhi simuombi. Na wewe akikupigia simu, usinisemee msamaha.

Nisalimie Shemeji Haitham na watoto wote. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu akuhifadhini ugenini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Nassra